Kishtua Moyo kwa Mgonjwa wa Figo: Faida na Tahadhari

Mgonjwa wa figo anayesafiri kutoka Busi, wilayani Kondoa, kwenda kusafishwa damu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hukabiliwa pia na hatari asiyoiona: moyo kusimama ghafla. Figo zilizoshindwa kazi haziondoi ipasavyo potasiamu na maji ya ziada. Potasiamu ikizidi, umeme wa moyo huvurugika. Maji na shinikizo la damu vikizidi, misuli ya moyo huwa minene.

Kishtua moyo ni kifaa chenye betri kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake hupitishwa mshipani hadi moyoni. Vyumba vya chini vya moyo vinapotetemeka badala ya kusukuma damu, kifaa hutoa mshtuko wa umeme ili kurejesha mapigo. Kilipandikizwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1980, nchini Marekani.

Kwa wenye moyo dhaifu na figo nzima, faida yake imethibitika. Kwa wanaosafishwa damu, hali ni tofauti. Utafiti wa Uholanzi uliohusisha wagonjwa 188, uliochapishwa mwaka 2019, haukuonyesha kuwa kifaa kilipunguza vifo vya ghafla. Hata hivyo, wagonjwa hao hawakuwa na udhaifu mkubwa wa moyo. Wala matokeo hayo hayamhusu aliyewahi kunusurika moyo kusimama.

Wagonjwa hawa pia hupata zaidi maambukizi na kuvuja damu. Aidha, waya waweza kuziba mshipa wa bega, na mkono wa upande huo usifae tena kwa fistula ya kusafishia damu. Kwa hiyo mhudumu aeleze mapema, katika barua ya rufaa, mkono wenye fistula au uliotengwa kwa ajili yake. Kifaa huwekwa upande wa pili, au huchaguliwa kile ambacho waya wake haupiti mshipani.

Awe na kifaa au asiwe nacho, mgonjwa asikose zamu ya kusafishwa damu, kwani hatari huongezeka katika pengo refu kati ya zamu mbili. Apunguze chumvi na magadi. Mboga za majani zichemshwe na maji yake yamwagwe. Mwenye kifaa akipigwa mshtuko mmoja na kujisikia vizuri, amjulishe daktari siku hiyo hiyo. Mishtuko ikirudia, au akizimia, apelekwe hospitali mara moja.