Baridi ya Kericho na jiko la chumbani: Moshi wako unatokea wapi?

Mtu aliyezoea joto la Kisumu au Mombasa akilala usiku mmoja Kericho mwezi wa Julai, huamka akiuliza wenyeji wanaishije. Mji huo uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Londiani iko juu zaidi. Alasiri mvua hunyesha, jioni ukungu huteremka juu ya majani ya chai, na usiku kipimo cha joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kutoka Kapsoit hadi Litein, na kuvuka upande wa Bomet hadi Mogogosiek na Silibwet, hali ni hiyo hiyo. Blanketi moja halitoshi.

Basi jamii nyingi hufanya lililo rahisi. Chakula kikishapikwa, makaa yaliyobaki hayamwagwi. Jiko huinuliwa likapelekwa chumba cha kulala, mlango ukafungwa, nguo ikasukumwa chini ya mlango kuzuia upepo, na watoto wakalala wakiota moto. Ni tendo la upendo la mama kwa wanawe. Ni tendo pia ambalo limewafanya watu wa nyumba nzima wasiamke asubuhi, na habari za namna hiyo husikika nchini karibu kila msimu wa baridi.

Wazee husikia onyo hili wakashangaa. Je, si wao waliolelewa kando ya moto usiku kucha, wakazeeka wakiwa wazima? Ni kweli, lakini tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya zamani ya Wakipsigis ilikuwa ya msonge, kuta zake za udongo na paa lake la nyasi. Moshi ulipenya katika nyasi na kutoka chini ya upenu, ukikausha nafaka na kuni zilizowekwa kwenye dari ya fito. Macho ya kogo, yaani bibi, yaliwasha, na kifua chake hakikusalimika. Lakini nyumba ile ilipumua. Nyumba ya leo ni ya mawe au matofali, ina bati juu, siling'i bodi chini ya bati, na madirisha ya chuma yenye vioo. Tumebadilisha nyumba na kuuacha moto vile vile.

Makaa yana udanganyifu wake. Kuni hutoa moshi, mtu akakohoa na kufungua mlango. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonekana, ila hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Mtu akiivuta, gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hivi, na mwili hukosa hewa ilhali mtu anaendelea kupumua. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, moyo huchafuka, miguu hulegea. Aliye macho huenda akashtuka. Aliyelala huongezewa usingizi tu.

Wako wanaoamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu sumu imekwisha. Si kweli. Wengine huweka karai la maji kando ya jiko ili maji yanyonye sumu, lakini gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Wengine hufunika makaa kwa majivu yakae hadi alfajiri. Hilo ni baya zaidi, kwani makaa yanayofukuta kwa hewa haba ndiyo yanayotoa gesi hiyo kwa wingi.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango na madirisha, mtoe nje, na jiko litoke pia. Kisha mkimbize hospitali, iwe Kericho, Kapkatet, Longisa au Tenwek, hata kama amezinduka na anasema yu mzima. Tiba yake ni oksijeni. Maziwa, ambayo kwetu hufikiriwa kuwa dawa ya kila sumu, hayafai hapa: sumu hii imepitia mapafuni, si tumboni, na aliyezimia akinyweshwa chochote huweza kupaliwa.

Je, watu walale wakitetemeka? La. Yafaa tuliangalie joto la nyumba kama tunavyoliangalia paa, yaani kitu cha kutunzwa, kurekebishwa, na kubadilishwa kinapochakaa.

Tuanze na jiko lenyewe. Lile la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand, huhifadhi makaa kuliko lile la bati tupu. Aduiye ni maji. Mama mwenye haraka hulimwagia maji kuzima makaa, na udongo uliokuwa moto hupasuka papo hapo. Majivu nayo yakilala ndani usiku kucha huvuta unyevu wa Kericho, yakaila bati kwa kutu. Yamwage kila asubuhi, na jiko liwekwe juu ya tofali, si sakafuni. Ufa mwembamba kama unywele hauna neno. Vipande vikianza kumeguka na makaa kuligusa bati, mpelekee fundi wa jua kali akutilie udongo mpya. Fundi mzuri huushikiza kwa saruji na kukuambia uuache ukauke siku kadhaa kabla ya kuwasha. Anayekukabidhi jiko bichi na kukuhimiza uende ukapike leo, mwepuke.

Hata hivyo jiko hilo, liwe jipya namna gani, halina pa kutolea gesi. Kazi yake ya kuleta joto iishie sebuleni, jioni, dirisha likiwa wazi kidogo na watu wakiwa macho. Wakati wa kulala ukifika, litoke nje kabisa.

Mwenye nyumba yake anaweza kufanya bora zaidi kwa kujenga jiko la kuni lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi juu ya paa. Hili si jambo geni Kericho. Wazungu walioanzisha mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920 walijua baridi hii, na nyumba za mameneja zilijengwa zikiwa na meko ya ukutani na dohani za mawe. Viwanda vya chai navyo vina dohani zinazoonekana kutoka mbali, maana majani hukaushwa kwa joto la boila linalokula kuni za mikaratusi. Boila hilo lina mtu wa kulitunza, na sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka likaguliwe na mtaalamu. Jani la chai, kwa ufupi, limepewa joto salama kuliko mchumaji wake.

Dohani ya nyumbani haihitaji uhandisi mkubwa, lakini ina masharti. Bomba lipande hadi lipite kilele cha paa, la sivyo upepo utausukuma moshi urudi ndani. Mahali linapopenya paani lisigusane na mbao, kwani bomba la moto huzikausha mwaka hata mwaka hadi siku moja ziwake. Juu liwe na kofia ya bati kuzuia mvua. Kofia hiyo ikaguliwe kila baada ya dhoruba, kwa sababu nchi hii ya chai inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na kofia iliyopondeka huziba njia ya moshi.

Kabla ya Juni bomba lisafishwe. Funga brashi ngumu au gunia kwenye fito ndefu, sugua kuanzia juu hadi chini, kisha uzoe masizi. Ukikuta utando mweusi unaong'aa kama lami, ujue umekuwa ukichoma kuni mbichi. Utando huo huweza kushika moto ndani ya bomba. Mkaratusi uliopasuliwa ukae chini ya upenu miezi sita hivi kabla ya kuchomwa. Vijiti vinavyobaki chai inapokatwa huwaka vizuri vikikauka, ingawa majani yake yaachwe shambani yawe mbolea. Kujua kama njia iko wazi, washa kipande cha gazeti mdomoni mwa jiko: moshi ukipanda, endelea, ukikurudia usoni, kuna kiota cha ndege au kizuizi kingine.

Bomba la bati jembamba haliishi milele. Ligonge kwa ukucha, hasa karibu na jiko na pale linapokutana na paa. Likitoa mlio mkavu wa kutu, au ukiona tundu hata dogo, usilizibe kwa udongo ukadhani umemaliza. Nunua jingine.

Kuhusu gesi na umeme nitasema machache. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutokea nje ina hatari ile ile ya makaa ikiwashwa katika chumba kilichofungwa. Hita ya umeme haitoi sumu, lakini ile ya wati 2,000 hula yuniti mbili kila saa, na hilo si la kila mfuko. Chupa ya mpira ya maji moto, ikifungwa vizuri na kuvikwa kitambaa, hupasha kitanda joto kwa gharama ya birika moja.

Wapo wasio na ruhusa ya kutoboa paa: wapangaji wa mijini na wafanyakazi wanaoishi katika kambi za mashamba. Hao waombe jambo dogo kwa mwenye nyumba, yaani matofali yenye matundu ya hewa, mengine karibu na dari na mengine karibu na sakafu, katika kila chumba. Na Julai ikiingia, matundu hayo yasizibwe kwa matambara.