Chumvi ya Damu Ikipungua Baada ya Kiharusi au Kuumia Kichwa



Mama mmoja wa kikundi tunachotembelea alimleta mumewe nyumbani kutoka hospitali baada ya kiharusi, huu ugonjwa tunaouita stroki. Mzee alianza vizuri. Alikunywa uji, akawajua wajukuu. Siku ya tano akawa analala mchana kutwa, akatapika, akamwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Majirani wakasema anywe maji mengi yasafishe damu. Wengine wakanong'ona mambo ya kurogwa. Nasi tulipopita tulisema ni uchovu tu, aachwe apumzike. Tulikosea. Usiku ule alitetemeka mwili mzima kama mwenye kifafa.

Hospitalini damu ilipimwa, sodiamu ikawa 118. Sodiamu ni chumvi iliyo ndani ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 135 na 145. Ikishuka mpaka 120 au chini, au ikishuka kwa haraka, maisha yako hatarini.

Chumvi hiyo inaenda wapi? Fikirieni sufuria ya mchuzi. Mchuzi hupoa chumvi kwa njia mbili: umeongezwa maji, au chumvi yenyewe imepungua. Ubongo ndio unaotuma homoni ya kuziambia figo zishike maji. Ukiumia, unaweza kutuma agizo hilo bila kukoma, hata kama maji yametosha, na damu ikawa nyepesi. Njia ya pili ni nadra zaidi: figo zinatupa chumvi nyingi kwa mkojo, na maji yanafuata. Kwa vyovyote vile, maji huingia katika ubongo nao huvimba, kama maharagwe yaliyolowekwa. Lakini fuvu ni mfupa, halipanuki.

Hapa ndipo penye hatari ya kujitibia nyumbani. Mgonjwa wa kwanza hupunguziwa maji. Wa pili huongezewa maji na chumvi kwa dripu. Tiba ya huyu yaweza kumwumiza yule. Hata madaktari hawaipandishi sodiamu kwa pupa. Kwa kawaida hawapitishi pointi 10 kwa saa 24, maana ikipanda mbio ubongo unaweza kuharibika kabisa. Kwa hiyo msimkoroge mgonjwa maji ya chumvi, wala msimlazimishe kunywa jagi zima la maji.

Akina mama wametuuliza: daktari alisema mzee apunguze chumvi kwa sababu ya presha, mbona sasa anasema chumvi imepungua? Hakuna aliyedanganya. Kwa kawaida shida hii haitoki kwenye chakula, na presha bado inataka chumvi kidogo mezani. Ila kuna vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, kama haidroklorothiazaidi, ambavyo huweza kushusha sodiamu. Msiviache kwa uamuzi wenu. Vibebeni vyote hospitali, pamoja na barua aliyoruhusiwa nayo.

Dalili ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, kisha kutetemeka. Mara nyingi huja katika siku za kwanza au majuma machache baada ya kiharusi au ajali. Kijana aliyeanguka na bodaboda akianza kuongea ovyo watu husema amelewa, na hapo siku mbili hupotea. Dalili hizohizo zaweza kuwa kiharusi kingine, malaria iliyopanda kichwani au sukari kushuka. Kwa macho hatuwezi kuzitofautisha. Ni damu ipimwe, siku hiyohiyo.

Zahanati nyingi hazina mashine ya kupima sodiamu. Pigeni simu kwanza, muulize ni hospitali gani ya karibu inayopima, ndipo mkodishe gari. Kikundi cha yule mama kilitoa nauli kutoka mfuko wa dharura usiku uleule, bila kungoja mkutano wa Jumamosi.

Mzee alilazwa, sodiamu ikapanda polepole, akarudi nyumbani. Daktari alimwandikia kiasi cha kunywa kwa siku, na mkewe hukipima kwa chupa kila asubuhi, chai na uji vikihesabiwa humo. Wageni wakimkaribisha mzee kikombe kingine, mama huwaonyesha chupa.