Mvua na Kuta za Mji Mkongwe

Masika huanza Unguja mwezi wa Machi na huendelea mpaka Mei. Wakulima huyangojea kwa hamu. Lakini katika Mji Mkongwe watu wengi hutazama kuta zao kwa wasiwasi. Ukuta uliosimama zaidi ya miaka mia moja huweza kuanguka ghafula, na pengine huanguka siku ya jua, mvua ikiwa imekwisha katika. Kwa nini?

Nyingi za nyumba hizi zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe. Mawe hayo yaliunganishwa kwa udongo na chokaa. Kuta ni nene, nusu mita au zaidi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo ncha zake zimeingizwa ukutani. Boriti hazipatikani ndefu sana. Ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba.

Sasa fanya jaribio. Okota kipande kikavu cha jiwe la tumbawe shambani. Usivunje matumbawe yaliyo hai baharini. Kipime kwa mizani, uandike uzito wake. Kisha kitumbukize katika ndoo ya maji. Utaona mapovu yakipanda. Hiyo ni hewa iliyokuwamo katika vitundu vya jiwe: maji yanaingia, hewa inatoka. Kesho yake kitoe ukipime tena. Uzito umeongezeka.

Ukuta nao hufanya vivyo hivyo. Maji hupenya kutoka kwenye paa linalovuja, au katika ufa uliootewa na mti. Ukuta huwa mzito, na wakati huo huo udongo unaoshika mawe hulainika. Mzigo unazidi, nguvu ya kuubeba inapungua. Boriti zikilowa kwa muda mrefu huoza ncha zake, mahali pasipoonekana. Miteremko ya milima pia huporomoka kwa njia hii. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufunika mji wa Katesh na kuua watu wengi.

Unyevu wa ukuta hutoka polepole kupitia lipu ya chokaa. Baadhi ya watu huibandua chokaa na kupiga lipu ya saruji, wakidhani ukuta utakuwa imara zaidi. Saruji ni ngumu kweli, lakini huzuia unyevu usitoke. Nje ukuta huonekana mkavu, kumbe ndani umelowa.

Jengo kuukuu huwa na hatari hata kwa mafundi. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa likitengenezwa wakati sehemu yake ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020. Watu wawili walifariki.

Mara nyingi ukuta hutoa ishara kabla ya kuanguka. Ufa hupanuka siku hadi siku. Ukuta hufura kama tumbo la mtungi. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri huanza kukwama. Mchanga hudondoka kutoka darini. Ukiona ishara hizi, ondoka hapo mara moja, kisha mwarifu mtu mzima. Usijikinge mvua chini ya ukuta wa gofu, wala usicheze humo baada ya mvua kukatika, kwa sababu maji yangali ndani ya mawe.

Kazi: Anika jiwe lako kivulini na ulipime kila siku mpaka lirudie uzito wake wa kwanza. Limechukua siku ngapi? Je, ukuta wenye unene wa nusu mita utachukua muda zaidi au pungufu?