Kulenga shabaha: safari inaanzia mita 10

Ulengaji shabaha kwa bunduki ni mchezo wa utulivu. Uliingia katika Olimpiki mwaka 1896, na shirikisho lake la kimataifa, ambalo leo linaitwa ISSF, liliundwa mwaka 1907. Anayeshinda ni yule anayeweza kurudia jambo lile lile mara 60 bila kubadilisha chochote.

Kwa mkazi wa Koni, penye kituo cha umeme cha Mto Lufira kilichoanza kazi mwaka 1950, hatua ya kwanza ni sheria. Nchini Kongo silaha na risasi zinaongozwa na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayodai kibali. Eneo hili pia lina kumbukumbu zake za vita. Septemba 1961, mji wa Likasi ukiitwa bado Jadotville, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa humo na majeshi ya jimbo la Katanga, huku msaada wao ukizuiwa kwenye daraja la Lufira. Mahali kama hapa bunduki haibebwi ovyo barabarani. Hata ile ya upepo isinunuliwe kabla ya kuuliza mamlaka.

Silaha inayomfaa anayeanza ni bunduki ya upepo ya mita 10. Hutumia hewa iliyoshindiliwa kwenye chupa, hurusha kidonge cha risasi cha milimita 4.5, na haina kishindo kikubwa. Ukumbi mrefu wenye ukuta imara nyuma ya shabaha unatosha, na upepo wa nje hauingilii. Kwa kanuni za ISSF bunduki hii haizidi kilo 5.5 na darubini hairuhusiwi. Mlengaji hutazama kupitia tundu dogo la nyuma, kisha pete ya mbele, na ndani ya pete huweka duara jeusi la shabaha. Duara hilo lina milimita 30.5; alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita, kama alama ya ncha ya kalamu.

Vifaa vingine vina mpangilio wake wa umuhimu. Kwanza miwani ya kukinga macho, kisha jaketi gumu na glavu nene ya mkono unaoshika bunduki, halafu viatu vyenye soli bapa. Jaketi hupunguza mtikisiko wa mgongo na wa mapigo ya moyo, lakini halisahihishi mkao mbaya. Kitako cha bunduki kinachorekebishika kwa urefu na kimo cha shavu kina faida kuliko urembo wowote.

Mkao wa kusimama hujengwa juu ya mifupa. Kiwiko cha kushoto hukaa juu ya nyonga, na bunduki hulala juu ya mkono pasipo misuli kukaza. Mlengaji hufumba macho, hupumua, kisha hufumbua. Pete ikiwa imehamia pembeni, huzungusha miguu. Haivuti bunduki kwa mikono. Pumzi hutolewa nusu, husitishwa sekunde chache, kidole hubana kifyatulio polepole, na jicho hubaki kwenye shabaha hata baada ya mlio. Akikawia hadi macho yachoke, hushusha bunduki na kuanza upya. Mazoezi mengi hufanywa bila kidonge, kwa kuwa bunduki nyingi za mashindano zina njia ya kufyatua bila hewa.

Usalama haungojei ustadi. Mtutu huelekea shabaha daima, kidole hukaa nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kulenga, na chemba huachwa wazi mtu yeyote anapokwenda mbele.

Mashindano ya mita 10 huwa na risasi 60 kwa dakika 75. Baadaye huja mita 50, kwa bunduki ya milimita 5.6, mikao ya kupiga magoti, kulala na kusimama, na upepo unaosukuma risasi pembeni. Aliyejifunza mkao kwanza huifikia hatua hiyo akiwa na msingi. Aliyeanza kwa kununua bunduki ghali hulazimika kurudi mita 10.