Ujanja wa Simu Hautoki kwenye Mnara

Kwenye maduka ya simu ya Kariakoo, swali linalotangulia bei siku hizi ni moja: "Hii inashika 4G?" Muuzaji akijibu kuwa inashika, wote wawili huona wameshamaliza habari ya ubora. Kumbe wamezungumzia redio tu iliyomo ndani ya simu, sehemu moja kati ya nyingi. Kuchanganya simu na mtandao wake kuna gharama. Mtu hulipia kasi ambayo mnara wa mtaani kwake hautoi, au huiacha simu nzima akanunua nyingine wakati tatizo liko kilomita kadhaa kutoka mfukoni mwake. Simu janja na vizazi vya mtandao vilizaliwa mbalimbali, vikakua kwa mwendo tofauti, na ingawa leo tunavikuta pamoja kwenye boksi moja, kila kimoja kina kazi yake na udhaifu wake.

Simu janja ni kompyuta ndogo. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina mfumo endeshi kama Android au iOS, na inapokea programu zilizoandikwa na watu ambao hawakuhusika kabisa kuiunda. Itoe laini: bado itapiga picha, itacheza muziki, itafungua kitabu ulichokihifadhi, na penye Wi-Fi itaingia intaneti bila kuhitaji G yoyote. Kizazi, yaani hiyo G yenyewe, kwa upande wake ni makubaliano ya kimataifa kuhusu namna simu na mnara vinavyosemezana hewani: masafa yapi yatumike, sauti na data zipitishwe vipi, na maelfu ya watu wagawane vipi nafasi ileile ya mawimbi. Vizazi vimepishana kwa takriban miaka kumi kumi. Tokyo ilianza na cha kwanza mwaka 1979, Finland ikafungua GSM ya kizazi cha pili mwaka 1991, Japani ikaingia 3G mwaka 2001, Stockholm na Oslo zikapata 4G mwishoni mwa 2009, na Tanzania na Kenya zikaanza kuuziwa huduma ya 5G mwaka 2022.

Sasa tazama simu zenyewe. IBM Simon iliuzwa Marekani mwaka 1994 ikiwa na kioo cha kugusa, kalenda, barua pepe na uwezo wa kutuma faksi, huku ikitumia mtandao wa analojia wa kizazi cha kwanza. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007, wakati Japani ilikuwa na 3G kwa karibu miaka sita, lakini yenyewe haikuwa na 3G. Iliishia kwenye EDGE, ile "E" ya kizazi cha pili. Hakuna anayesema haikuwa simu janja. Upande wa pili kuna JioPhone ya India, ya mwaka 2017: ni simu ya batani yenye kioo kidogo, kwa sura ni ndugu wa kitochi, lakini mtandao wake ni 4G. Na huku kwetu, M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata bila kudai simu janja wala intaneti. Unapobonyeza *150*00# kwenye kitochi, menyu inayofunguka haiji kwa bando. Inasafiri kwenye njia ambayo simu na mnara hutumia kupashana habari za mawasiliano yenyewe.

Atakayepinga atasema kuwa vitu hivi vimesukumana, na simu janja isingekuwa na faida kubwa bila 3G na 4G. Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali. Video na simu za picha kwenye WhatsApp zinahitaji data nyingi ambayo EDGE haiwezi kubeba kwa raha, na hamu ya watu kutazama video ndiyo iliyoyapa makampuni sababu ya kujenga minara mipya. Lakini kusukumana si kuwa kitu kimoja. Barabara ya lami huongeza thamani ya gari, na hata hivyo fundi hatafuti ubovu wa injini kwenye lami.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko juu ya kioo chako. Simu ikiwa inaonyesha 4G, mwombe mtu akupigie, kisha tazama alama ile. Kwenye baadhi ya simu itashuka ghafla na kuwa H, 3G au E, na ukikata itarudi. Sababu ni kwamba 4G ilijengwa kwa ajili ya data peke yake. Sauti ya simu ya kawaida, ili ipite kwenye 4G, inahitaji huduma iitwayo VoLTE, na kama mtandao au simu yako haina huduma hiyo, simu hurudi kwenye kizazi cha zamani ili uweze kuongea. Alama hiyohiyo pia haisemi lolote juu ya kilicho nyuma ya mnara. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Minara ilikuwa inafanya kazi, simu zilikuwa nzima, 4G ilikuwa inasoma, na kurasa hazikufunguka.

Kwa hiyo simu iliyoandikwa 5G si lazima iwe bora kuliko ya 4G iliyo pembeni yake. Katika bei ileile, fedha iliyokwenda kwenye modemu inaweza kuwa imepunguzwa kwenye kamera, kumbukumbu au betri, na hivyo ndivyo utakavyoishi navyo kila siku, uwe Masaki au Namtumbo. Hata neno 4G lenyewe halitoshi. Kizazi kimoja hupita kwenye masafa mengi: ya chini, kama 700 na 800 MHz, hufika mbali na kupenya kuta; ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inaweza kukosa masafa yanayotumika hapa, ikakaa na 3G chini kabisa ya mnara wa 4G. Swali zuri dukani ni kama simu inashika masafa ya mtandao wa laini yako, na kama inakubali VoLTE kwenye mtandao huo.

Wapo wanaoona haya ni mambo ya wahandisi. Ningekubali kama vizazi visingekuwa vinazimwa. Wigo wa masafa ni mdogo, na kampuni hufunga kizazi cha zamani ili masafa yake yatumike kwenye kipya. Nchini Uingereza makampuni yamekuwa yakizima 3G na kubakiza 2G kwa muda, kwa kuwa mita na vifaa vingi bado vinaitegemea. Huku kwetu 2G ndiyo inayobeba kitochi cha mkulima na miamala yake, na siku itakapofungwa, simu hizo zitanyamaza zikiwa na betri iliyojaa. Jambo hilo limeshatokea kwa simu janja. AT&T ya Marekani ilizima 2G yake tarehe 1 Januari 2017, na iPhone ile ya 2007 ikapoteza mtandao iliouzwa nao. Kioo chake kiliwaka, kamera ilipiga picha, Wi-Fi ilishika. Kwenye mtandao huo, haikuweza tena kupiga simu.