Korosho Isitugharimu Mikono



Hapa Mwabungo mkorosho ni mali. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe hapa nchini, na kweli korosho iliyobanguliwa ina bei kuliko ghafi. Lakini kazi hii ina adui wake, nae amejificha ndani ya ganda.

Ganda lina mafuta mazito ya rangi ya kahawia, yapata robo ya uzito wake. Viwandani hutumika kutengenezea breki za magari, rangi na vanishi. Sasa kitu cha breki, ngozi ya mtu itakiweza? Yana asidi kali. Yakikugusa huchoma, hutoa malengelenge, kisha ngozi ikabambuka. Wengine huanza kuwashwa baada ya siku moja au mbili, wakadhani ni ugonjwa mwingine. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja: mwajua utomvu wa embe bichi unavyounguza mdomo. Huu wa korosho umezidi.

Basi tufanyeje?

1. Vaa glavu za mpira. Zikikosekana, jipake mafuta ya nazi mikononi, kisha majivu, na urudie kila yanapokwisha.

2. Korosho zichomewe nje, upepo ukitoka nyuma yako. Tumia mti mrefu kukorogea, maana mafuta huruka na kushika moto. Moshi wake huumiza macho na kifua, kwa hivyo maganda yasiwe kuni za jikoni.

3. Usijifute macho, usile, wala usimshike mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni. Watoto wakae mbali.

4. Mafuta yakikupata, yafute kwa kitambaa kikavu, halafu osha kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia machoni, mimina maji safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati ya karibu au hospitali ya Msambweni. Usingoje kesho.

Twajua mtasema glavu ni ghali. Hebu kikundi kikubaliane: pesa za mauzo ya kwanza zitoe glavu kabla ya kugawana. Mama akiharibika mikono, hela ya korosho itakwisha kwa dawa, na makuti atayasuka nani?

Mungu aibariki mikono yenu.