Dar es Salaam na Mashamba Iliyoyameza

Wanachama wetu wanaovuka kwenda Dar es Salaam kutazama jamaa zao hurejea na neno lile lile: mji hauna mwisho. Gari latoka Kariakoo, lapita Temeke, lafika Mbagala, na nyumba zingali mbele. Tumeonelea yafaa tueleze habari zake kidogo, maana mji huo ulianza kwa amri iliyotoka Unguja, na baadhi yetu sasa twapeleka huko fedha za karafuu kununua viwanja.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said alipapenda kwa bandari yake iliyokingwa, akajenga kasri na nyumba za mawe, na minazi ikapandwa kandokando. Alipofariki mwaka 1870 nduguye, Seyyid Barghash, hakuiendeleza kazi ile. Wajerumani walikuja mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo shehena za bara zikateremkia bandari hiyo.

Kinondoni na Temeke zilikuwa shamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipima viwanja Magomeni na Temeke, na watu wakajenga ile nyumba tuijuayo sote: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangisha. Hapo ndipo mwenye minazi alipofanya hesabu. Mnazi humpa nazi kwa zamu zake, na bei hapangi yeye. Chumba humpa kodi kila mwezi. Akakata kiwanja kimoja, kisha cha pili, mpaka shamba likaisha. Hatumlaumu, hata sisi tungeshawishika.

Lakini mauzo hayo mengi yalikuwa kwa karatasi ya mkono mbele ya mjumbe na mashahidi, bila mpimaji. Kwa hiyo Tandale, Manzese na sehemu kubwa ya Mbagala zilijaa nyumba kabla ya kuachwa nafasi ya barabara na mifereji. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na watu hawakuacha kuja: mwaka 2012 mkoa ulihesabiwa watu 4,364,541, na mwaka 2022 watu 5,383,728. Wengine wakajenga hata kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua za Desemba 2011 zilileta mafuriko makubwa yaliyoua watu, na baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa Kinondoni, mbali na vibarua vyao vya mjini.

Basi mwanachama anayetaka kiwanja Mbagala au Tegeta asikubali kuonyeshwa wakati wa kiangazi peke yake. Aende tena wakati wa masika, awaulize majirani maji hupita wapi. Aulize pia kama kiwanja kimepimwa na kina hati, maana leseni ya makazi ni ya miaka michache tu. Na asitoe fedha za msimu mzima kabla hajamwona muuzaji pamoja na watu wa nyumbani kwake, kwani minazi ile mara nyingi ilikuwa ya urithi, na warithi ni wengi.